Mchana Nyumbani Hakuna Mtu

Kibao cha getini kwake kiliandikwa "Mbwa mkali", na majirani walisema mchoraji alikosea, angeandika "Mwenyewe mkali" wangenusurika wengi. Utani wa majirani una miguu. Ukamfikia, na badala ya kununa akauchukua akaufanya jina. Simu ikilia alijibu, "Bi Mkali hapa, sema shida yako." Aliyeshindwa kusema shida yake mbele ya sauti ile alikata, naye akashukuru kwamba siku imempunguzia mjinga mmoja.

Alikuwa mfuga mbwa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mabanda sita, sakafu ya saruji yenye mteremko ili maji yakimbilie mferejini, mpira wa maji umening'inizwa ukutani, na sufuria moja kubwa iliyokuwa haijawahi kupika chakula cha binadamu. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa keshapiga deki. Hata wasiompenda, na walikuwepo wa kutosha, walikiri kwamba pale kwake hapanuki.

Neno kuuza lilimkera. Gunia la mkaa ndilo linalouzwa, alisema, mbwa anaposwa, na posa haipokelewi mpaka nyumba ijulikane. Kwa hiyo ulikuwa huendi kwake ukanyoosha kidole na kusema nipe yule. Kwanza aje kwako. Alikuja asubuhi na daftari na utepe wa kupimia, akakaa mpaka mchana. Alipima geti na ukuta, akahesabu ngazi, akatazama jua linapiga wapi saa sita. Kisha aliuliza maswali yake kumi na tisa na kuandika majibu kwa mkono wake mwenyewe. Nani anaamka wa kwanza? Nani ana mguu mbovu? Mchana nyumbani yuko nani? Ukishajibu yote ndipo alipokuambia utapata mbwa wa aina gani, au hupati kabisa.

Wengi hawakupata. Alikuwapo mwalimu wa hesabu aliyetaka hasiki, kwa sababu ya yale macho ya buluu aliyoyaona kwenye simu.

"Mwalimu, huyo ni mbwa wa barafu," Bi Mkali alimwambia. "Hapa kwako saa nane mchana bati linalia. Utamweka kwenye friji?"

"Nina feni."

"Na umeme ukikatika utampepea kwa madaftari ya wanafunzi?"

Mwalimu aliishia kupewa mbwa koko wa rangi ya vumbi, mvivu kama yeye, na mpaka leo jioni zote wanalala kwenye mkeka mmoja. Halafu kulikuwa na binti wa ghorofa ya nne, chumba na sebule, anayetoka kazini saa moja jioni, naye anataka shepadi. Huyo aliambiwa wazi kwamba shepadi ni mbwa wa kazi, usipompa kazi atajitafutia, na ya karibu kabisa ni kula kochi. Binti alilia. Bi Mkali alimwacha alie, akamaliza chai yake, akaondoka.

Kama ulimwona ni mtu wa roho mbaya, basi hukujua alikotoka. Miaka kumi na miwili alikuwa muosha mabanda katika kampuni moja ya ulinzi. Pale aliwaona mbwa walionunuliwa kwa ukubwa wa kichwa tu, wakafungwa mahali pasipowafaa, wakaharibika, na mwishowe akaja daktari na sindano ya kuwaua. Yeye ndiye aliyekuwa akisafisha baada ya daktari kuondoka. Siku aliyoacha kazi ile alikula kiapo: mbwa atakayetoka mkononi mwake hatarudishwa, na sindano hataiona mpaka uzee wenyewe umwite. Kila mteja alipewa kadi iliyoandikwa nyuma, "Akikusumbua mlete, nitamnyoosha na utamchukua." Walikuja kunyooshwa wachache, wakanyooka, wakarudi makwao. Miaka kumi na minane, hakuna hata mmoja aliyebaki kwake kwa kukataliwa. Jambo hilo alilisema mara nyingi kiasi kwamba watoto wa mtaani walikuwa wakimalizia sentensi.

Sasa siku hiyo, saa saba mchana, simu ikalia.

"Mama, mbwa wako ameuma mtu."

Alikuwa Mhandisi, yule wa nyumba ya ghorofa moja yenye geti jeusi. Miaka miwili nyuma alikuwa amepewa rotwaila, dume, jina lake Meja.

"Kamuuma nani?"

"Dada wa kazi. Jana jioni, mkononi. Daktari wa mifugo anakuja saa kumi kumchoma mbwa sindano. Nimeona nikuarifu mwenyewe, usije ukasikia barabarani."

Bi Mkali aliweka ndoo chini taratibu. "Asiguswe. Nakuja."

"Njoo, lakini uamuzi umeshapita."

Mtu mwingine angekimbilia barabarani. Yeye alikwenda kwanza kabatini, akavuta daftari la mwaka ule, akatafuta ukurasa wa Mhandisi. Alitaka kujua kama kosa ni lake. Akasoma kwa kidole. Mwenye nyumba anakimbia kila alfajiri kilomita tano. Mwenye mguu mbovu: hakuna. Mwenye kuogopa mbwa: hakuna. Mchana nyumbani: hakuna mtu. Hapo kila kitu kilikuwa sawasawa. Rotwaila ana subira ya kubaki peke yake kuliko mbwa wengi, ukuta ulikuwa mrefu, na bwana wa kukimbia naye alikuwepo tena mwenye mapafu. Mbwa mwingine gani angefaa zaidi? Hakuna. Alifunga daftari, akalitia kwapani. Haki ilikuwa upande wake, tena kwa wino, na mtu mwenye hasira akishapata haki basi tena, huyo hashikiki. Njia nzima alikuwa akisema peke yake, na watu waliompisha hawakuwa wajinga.

Alipofika, kitu cha kwanza alichokiona mlangoni ni raba za kukimbilia za Mhandisi. Zilikuwa pale pale alipoziona miaka miwili iliyopita, na weupe wao ulikuwa ule ule.

Mhandisi na mkewe walikuwa sebuleni wamekaa kama watu waliofiwa na mtu wasiyempenda sana. Bi Mkali hakukaa.

"Unakimbia kila alfajiri?"

"Mama, hilo siyo tulilokuitia..."

"Sikuitwa, nimejileta. Unakimbia?"

"Nilikimbia," alisema Mhandisi. "Siku za mwanzo. Baadaye kazi zikaingiliana."

"Siku ngapi za mwanzo?"

Mhandisi akatazama dari. Mkewe ndiye aliyejibu, "Tisa."

Siku tisa. Bi Mkali aliihisi damu ikimpanda mpaka kwenye masikio. Akawaambia alichokuwa nacho, na hakupaka mafuta. Akawaambia kwamba mbwa si pambo la geti, kwamba mwili ule wa Meja umeumbwa kwa kutembea asubuhi na jioni, kwamba kumfungia kiumbe namna ile halafu kumwita mbaya ni dhambi ambayo hata asiye na dini anaijua. Akamaliza kwa kusema, "Nipeni mbwa niondoke naye nikamnyooshe."

"Hapana," alisema Mhandisi. "Mbwa akishaonja damu ya mtu keshaharibika. Kesho akimuuma mtoto wa jirani, nitasema nini?"

"Nani kakudanganya hivyo? Mbwa hana daftari la damu. Kila siku anakula vichwa vya samaki na mapafu ya ng'ombe, mbona hajavamia bucha?"

"Na hata hivyo," mkewe akaingilia, kwa sauti ya mtu anayetoa karata yake ya mwisho, "siyo sisi tuliosema. Ni Dada mwenyewe. Tulimuuliza, akasema afe. Aliyeumwa ni yeye, kwa hiyo tumemsikiliza. Sisi tunamheshimu sana Dada."

"Sana," alisema Mhandisi. "Kamuulize. Yupo jikoni. Akikubali mbwa aende, mimi sina neno. Akikataa, daktari afanye kazi yake."

Basi uhai wa Meja ulikuwa jikoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu.

Kufika jikoni ilibidi apite uani, na Meja alikuwa pale, amefungwa kwenye nguzo ya bomba kwa mnyororo mfupi, mdomo umebanwa kwa mkanda. Alipomwona Bi Mkali kile kimkia chake kilichokatwa kikaanza kutikisika na nyuma yote ikafuata. Bi Mkali hakumsogelea. Alijua akimgusa atalia, na alikuwa na kazi ya kufanya na hasira yake.

Dada wa kazi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na mvi zilikuwa zimeanza kuchungulia chini ya kitambaa cha kichwa. Watoto wa nyumba ile walimwita Dada, wazazi wao walimwita Dada, naye mwenyewe aliwaita wale wazazi baba na mama ingawa angeweza kuwazaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko. Wa kulia ulikuwa kwenye maji ya vyombo.

"Pole, mwenzangu," alisema Bi Mkali.

"Nimeshapoa."

"Nimekuja kwa ajili ya mbwa. Nieleze tu, ulimfanya nini mpaka akakuuma?"

Dada aliacha sahani ikazama. Akageuka polepole, akamtazama Bi Mkali kuanzia viatu mpaka usoni, kisha akajifuta mkono kwenye khanga.

"Nilimwangukia," alisema.

"Ulimwangukia?"

"Goti langu hili la kulia lina mwaka wa nne linanisaliti. Nilikuwa nashuka ngazi ya nyuma na ndoo. Likakunjika. Nikamwangukia mgongoni, na yeye kichwa kiko ndani ya bakuli la chakula. Akanidaka mkono. Aliposikia sauti yangu akaniachia hapo hapo, akaanza kulamba. Ningekuwa mimi nimeangukiwa na mtu mzima nikiwa nakula, ningeng'ata zaidi."

Bi Mkali alipumua. Kumbe jambo lenyewe ni jepesi. "Sasa si unaona hana kosa. Twende ukawaambie hivyo hivyo."

"Siendi."

"Mwenzangu, umesema mwenyewe hana kosa."

"Nimesema kwako. Kule sisemi."

"Utamwacha auawe na unajua ukweli?"

"Eh. Nitamwacha." Sauti ya Dada haikupanda, ila ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. "Kwa sababu nikisema hana kosa, atabaki. Akibaki, kesho saa kumi na moja alfajiri ni mimi na yeye barabarani. Yeye kilo arobaini na sita, mimi na goti. Ananipenda, ndiyo, lakini akiona paka ananisahau. Ameniburuta mara tatu. Mara ya tatu nililala kwenye mtaro, mama, mtu mzima, na khanga iko shingoni, wapita njia wananicheka. Nikarudi nikawaambia, huyu simuwezi. Nikaambiwa utazoea, Dada. Nikitoka barabarani ni kumwosha. Nikimaliza kumwosha ni kufagia manyoya. Hapo sijapika, sijafua. Miaka miwili. Sasa jana kaniuma, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba hii wameniita sebuleni, wakaniambia keti, wakaniuliza, Dada, wewe unataka nini? Nikaona mlango umefunguka. Nikajibu haraka kabla hawajaufunga."

"Lakini mimi nataka kumchukua," alisema Bi Mkali. "Hatakuwepo hapa."

"Utamchukua." Dada akacheka kwa pua. "Utamnyoosha, utamrudisha. Si ndiyo ulivyoandika kwenye kadi yako? Imebandikwa pale kwenye friji, naisoma kila siku nikitoa maziwa. Mwezi wa tatu baba alikuletea, ukakaa naye wiki mbili. Wiki mbili zile nililala mpaka saa kumi na mbili. Goti likashuka uvimbe, nikasema Mungu yupo. Wiki mbili zikaisha, ukamleta mwenyewe mpaka getini, kichwa juu, unasema kanyooka, hakuna mbwa wangu anayerudi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na mnyororo, nakusubiri unikabidhi. Ukamkabidhi baba. Baba akanikabidhi mimi."

Bi Mkali alilibana daftari kwapani.

"Na ile siku ya kwanza, ya daftari," Dada aliendelea, maana jipu likishatumbuka halina adabu. "Nilikuletea chai. Ukasema sukari imezidi. Nikarudi kupika nyingine. Nikaja nayo, nikasimama na sinia hivi, pembeni yako, karibu hivi. Unamuuliza baba, kuna mwenye mguu mbovu? Anasema hakuna. Mchana nyumbani yuko nani? Anasema hakuna mtu. Ukaandika. Ukanyoosha mkono, ukachukua kikombe kwenye sinia, ukaandika."

Bomba lilikuwa likidondosha.

Hasira ni kitu cha ajabu, ukiinyang'anya mtu wa kumpiga haifi, inageuka nyuma. Ile yote aliyokuja nayo Bi Mkali, ya njia nzima, ya raba nyeupe na siku tisa, ilimgeukia. Akakumbuka kule kwenye kampuni ya ulinzi, mkubwa anakuja kukagua, anauliza mabandani kuna mtu, na mkuu wa zamu anajibu, hakuna mtu, mkubwa, ni huyu wa usafi tu. Yeye yupo na ndoo mkononi. Miaka mingapi alikuwa akisimulia kisa kile kwa uchungu, kila mtu akitikisa kichwa kwa huruma? Mkuki kwa nguruwe. Aliona aibu, na aibu ilimchoma kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa, na majirani zake hawakuwa wavivu wa kutukana.

Akalitoa daftari kwapani, akalitazama kama kitu kilichookotwa. Madaftari mengine kumi na saba ya namna hiyo yalikuwa kabatini. Ni nyumba ngapi humo zilizoandikwa hakuna mtu, na mtu alikuwepo, ndiye aliyefungua geti?

"Nilikukosea," alisema.

"Ulinikosea," alisema Dada, akarudisha mkono kwenye maji.

Kabla hajapata la kuongeza, kengele ya geti ikalia. Daktari wa mifugo alikuwa amewahi. Ilikuwa hata saa tisa na nusu haijafika.

Alikuwa mtu mwembamba mwenye begi jeusi na haraka ya mtu mwenye wagonjwa wengine watatu. Wote wakakusanyika uani. Daktari akamzunguka Meja kwa mbali, akasema mbwa wa ukubwa ule lazima ashikwe na mtu anayemjua, ashikwe kichwa na bega, vinginevyo yeye hachomi.

Mhandisi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama kucha zake. Mhandisi akajaribu. Akapiga hatua mbili kuelekea kwa mbwa wake wa miaka miwili, Meja akainua kichwa kumwangalia, kumwangalia tu, na Mhandisi akarudi nyuma hatua tatu.

"Dada," akaita kuelekea jikoni. "Njoo umshike."

Bi Mkali alidhani amesikia vibaya. Hata daktari aligeuka. Lakini Mhandisi aliita tena, kwa sauti ile ile ya kuitisha chumvi mezani, na Dada akatoka na bandeji yake, akichechemea, akamwendea Meja. Mbwa akaja mpaka mwisho wa mnyororo, akaegemeza kichwa chake kizito kwenye paja lake, upande wa goti zima. Yaani alijua hata lipi bovu.

"Mshike kichwa, mama," alisema daktari kwa upole, akifungua begi.

Dada aliweka kiganja juu ya kichwa kile. Akakaa hivyo. Kisha akakitoa.

"Simshiki."

"Dada," alisema mke wa Mhandisi, "si wewe mwenyewe uliyesema afe?"

"Nilisema. Kumshika sikusema. Kutembea naye ni mimi, kumwosha ni mimi, kuumwa ni mimi, na kumuua pia niwe mimi? Hiyo kazi siifanyi, mama. Mtafute mwingine."

Nawaambieni, uani palikuwa na watu watano na hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi. Mhandisi macho yalikuwa yamemwiva. Alizoea nyumba inayojibu ndiyo. Kwa kukosa pa kushika akamgeukia Bi Mkali.

"Basi wewe mshike. Wewe si ndiye bingwa wa mbwa?"

"Mbwa ni wako, Mhandisi. Umeamua afe, shika mwenyewe. Sogea. Usiogope, amefungwa mdomo."

Mhandisi hakusogea. Daktari akasubiri kidogo, akatazama saa, akafunga begi. Alisema kwamba kwa maoni yake hana sababu ya kumuua mbwa anayemwegemezea kichwa mtu yule yule aliyemuuma, ila hakuna aliyemuuliza maoni.

Bi Mkali hakwenda kwa Mhandisi. Alikwenda akasimama mbele ya Dada.

"Mhandisi alisema ukikubali aende, ataenda. Nimchukue?"

"Mpaka lini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mtu aliyewahi kujenga jina lake juu ya neno moja anajua. Bi Mkali alifungua daftari kwenye ukurasa ule, akalitegemeza juu ya goti, akaandika chini kabisa kwa herufi kubwa: Amerudi. Nilimpeleka nyumba isiyomfaa. Akamwonyesha Dada, asome mwenyewe.

"Harudi hapa," alisema, na safari hii alisema kwa sauti ya kutosha mpaka sebuleni. "Hata wakija kupiga magoti. Amerudi kwangu, na nitakayemsimulia nitamwambia amerudi."

Dada alisoma mara mbili. "Mchukue," alisema. "Lakini nikimwona tena getini hapa, nitawaumeni wote wawili."

Mhandisi alianza kusema kitu kuhusu mbwa kuwa mali yake. Bi Mkali alimnyooshea ncha ya mnyororo, ashike kama ni mali yake. Mhandisi akarudi nyuma.

Walitoka kwa geti dogo, Meja akivuta kama trekta na Bi Mkali akimrudisha kwa kifundo cha mkono. Nyuma yao ikasikika ile hatua ya kuchechemea. Dada alikuwa amekuja na bakuli la plastiki, lililotafunwa ukingoni.

"Usimpe chakula kwenye sahani ya bati," alisema, "anaogopa mlio. Na sikio la kushoto limwagie dawa, lina utitiri. Ngurumo zikipiga anataka mtu akae naye. Haombi, lakini anataka."

Bi Mkali alipokea bakuli. Katika yale maswali kumi na tisa hakukuwa na swali ambalo lingempa majibu hayo. "Mwenzangu, angalau sasa utapumzika," alisema. "Kesho lala mpaka saa kumi na mbili."

Dada akamtazama kama mtu anayetazama mtoto.

"Nipumzikie wapi? Jumamosi wanaletwa wawili."

"Wawili nini?"

"Mbwa. Vile vidogo vyeupe, vyenye manyoya mpaka chini, vya kuchanwa asubuhi na jioni. Mama kaagiza kwenye simu jana usiku, hata bandeji haijakauka. Anasema hivi vitatufaa zaidi, maana ni vya ndani."

"Muuzaji kawauliza nini?"

"Rangi."

Ndani ya nyumba mtu akaita, "Dada, hii chai vipi?" Dada akageuka, akashika ukingo wa geti ili goti lipate kupanda kile kijingazi kimoja, akaanza kurudi.

"Simama," alisema Bi Mkali. "Hiyo chai isubiri."

Akamfunga Meja kwenye nguzo ya geti, mafundo mawili, akaweka bakuli chini karibu naye. Akamshika Dada mkono ule mzima. Walipita wote wawili kwenye mlango wa mbele, juu ya zile raba, na Bi Mkali hakubisha hodi. Atakachokisema alikuwa hajakijua bado, ila alijua safari hii Dada atakuwa amekaa kwenye kochi wakati kinasemwa.